Iman wa Ukoo wa Nuri

Zeinabu hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, na jibu la kwanza vilevile halichukui. Mwalimu Osewe aliposema darasa lake la baleti pale mtaani Raila limejaa, Iman, mjukuu wa Zeinabu, alilengwalengwa na machozi. Nyanya mtu akavuta benchi, akaketi.

"Mwalimu, yule mliyemtundika ukutani ni nani?"

"Nureyev. Mchezaji baleti mkubwa wa Urusi."

"Nimeuliza watu. Jina hilo maana yake mtu wa Nuri, kutoka nuru hii hii yetu. Na marehemu mume wangu aliitwa nani?"

"Mama Ramzy, tafadhali."

"Aliitwa Nuri. Sasa unamfungia nje mtoto wa ukoo?"

Osewe akapekua fomu, akacheka. "Hapa ni Iman Ramzy. Nyinyi Wanubi mtoto hubeba jina la baba. Nuri ni babu tu."

"Hata kwa huyo wako Nuri alikuwa babu. Kaulize."

Mwalimu aliitazama picha, haikumsaidia. "Sawa, jina limepita. Lakini watoto hushika viti wakifanya mazoezi, na vyote vina wenyewe."

"Kumbe ni kiti tu?" Zeinabu hukodisha viti vya harusi na matanga.

Jumamosi Iman alisimama safu ya mbele, kwa amri ya nyanyake. Wageni waliokuja kutazama darasa walipopiga picha, walimpata mtoto amenyooka vizuri sana, na mgongoni mwa kiti chake maandishi mekundu: NURI VITI NA TENTI, pamoja na namba ya simu.