Maana ya Ndani ya Makuti

Yahya Kondo wa Kilwa Kivinje alikuwa mshona kofia, ila kofia moja ilimchukua mwaka mzima, maana kazi yake hasa ilikuwa kufasiri nyimbo za watu. Wanawake wa ngoma ya lelemama wakicheza jioni, kukicha wanaume wamejaa kibarazani kwake kumuuliza nani kaimbwa. Nyimbo za ngoma zina mafumbo, hilo halina ubishi. Lakini Yahya alipita kiasi. Mama akimbembeleza mtoto kwa wimbo wa paka, yeye alishamjua huyo paka ni nani, anakaa mtaa gani, na mke wa nani anamfuga.

Mkewe, Mwahija, alikuwa na jambo moja tu la kumwambia. Masika alimwambia kwa upole, "Baba Ziada, makuti yameoza, paa linavuja." Yahya akaitika "Naam," akaendelea kutega sikio kwa wapita njia wanaoimba. Vuli akamwambia kwa ukali; ikawa yale yale. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la Yahya lilisikia nyimbo. Basi Mwahija, uvumilivu umemwishia, akatunga wimbo, na wenzake wakauchezea uwanjani:

Makuti yameoza, fundi kalala ndani;
mvua ikinyesha, twalowa kitandani.

Yahya akasisimka mwili mzima. Asubuhi akawa anawaeleza watu: kitanda ni mji, mvua ni kodi ya kichwa, makuti yaliyooza ni wazee wa baraza, na huyo fundi aliyelala, "Mimi simtaji, ila kilemba chake mnakijua."

Liwali naye alikijua kilemba chake. Akahofia maneno yasije yakamfikia Mzungu wa boma, akapiga lelemama marufuku na kuwaita wachezaji wote pamoja na Yahya mbele yake.

"Nani katunga?"

"Mimi, Bwana Liwali," alisema Mwahija.

"Na fundi ni nani?"

"Mume wangu huyu hapa."

"Na makuti?"

"Makuti ni makuti, Bwana. Njoo nyumbani uyaone."

Watu wakaangua kicheko. Liwali akashusha pumzi, akairuhusu ngoma palepale. Yahya peke yake hakucheka.

"Anaficha huyu, Bwana Liwali! Mtunzi hataji makuti akakusudia makuti."

Mwahija akamgeukia. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililotisha. "Baba Ziada, nimechoka. Nakwenda kwa kaka yangu, kule kijijini Pande. Nataka talaka yangu."

Hapo ndipo mume mwenye akili husema, "Mke wangu, niwie radhi," kisha akakimbia kutafuta makuti. Yahya alimpenda mkewe. Alitaka kusema hivyo, lakini kinywa chake kikatoa yale kiliyozoea kutoa.

"Talaka," aliwaeleza watu, jasho likimtoka, "kwa maana ya ndani, ni mapenzi."

Mwahija akaufunga ushungi wake vizuri, akamuaga Liwali kwa adabu, akashika njia.

Yahya akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. "Atarudi," akasema. "Kwenda, kwa maana ya ndani, ni kurudi."

Safari hii watu walikuwa wameshaanza kuondoka.