Muuguzi Aliyepangwa kwa Wagonjwa

Jumanne, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri. Madirisha ya ofisi yalifungwa.

Kwa miaka kumi na mmoja, mratibu wetu wa watu wa kujitolea hakuwa na orodha. Ukimuuliza nani aende wapi, alifumba jicho moja, akakujibu. Alijua nani ana goti bovu na nani hapikiki chungu kimoja na nani. Kisha shirika likamwajiri wifi yake, mke wa kaka yake, amsaidie. Kwa wiki tatu wifi alikusanya kazi zote thelathini na saba, akazipanga katika programu nne: kusoma na watoto, kutembelea wagonjwa, jikoni, na ukarabati. Kila mtu akawekwa kulingana na taaluma yake, karatasi zikabandikwa ukutani kwa rangi.

"Hii ndiyo kazi!" mkurugenzi alisema. "Tulikuwa gizani." Ijumaa angemtaja mkuu wa programu.

"Kumbe miaka yote hiyo mimi ndiye giza," mratibu aliniambia, akikoroga chai isiyo na sukari.

Aliusoma ukuta mstari kwa mstari akitafuta kosa, akalipata. Muuguzi mstaafu alikuwa amepangwa kwa wagonjwa. Mratibu alijua kwamba mama yule, tangu amuuguze mumewe hadi mwisho, hakutaka tena kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwetu alifuata watoto na vitabu.

"Wifi, umeona kasoro yoyote?" mke wa kaka yake alimuuliza.

"Mimi? Kasoro nitaitoa wapi, na rangi zote hizo!"

Saa nne muuguzi alifika, akasoma jina lake mara mbili. "Nilidhani hapa nilisikilizwa," akasema, akaondoka.

Wifi alimkimbilia hadi getini, akaelezwa yote, akarudi ameloa, akamkabili mratibu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka uaibike mbele ya mkurugenzi. Sikufikiria kwamba atakayeumia ni mama wa watu."

Wifi alimgeuzia mgongo, akaanza kubandua karatasi.

Jumatano asubuhi, kabla ya kazi, mratibu alikwenda nyumbani kwa muuguzi. Wivu ulikuwa bado haujamtoka, alikiri kwangu mwenyewe. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Wifi yangu hakujua," alisema. "Mimi nilijua, nikanyamaza makusudi."

Muuguzi aliufungua mlango wote, akamwambia avue viatu, vina tope.