Kosa la Kobe

Kazini tulimwita Kobe, maana mstari mmoja wa programu aliweza kuukalia asubuhi nzima. Tulimcheka weee, lakini ndiye aliyeandika sehemu ya kiini cha mfumo wetu, kile kisichoonekana na mtu, ila kikianguka, kompyuta nzima imeanguka nacho.

Basi kikawa kinaanguka. Leo kinapita majaribio, kesho kinazima ghafla, na kila tukichungulia tunakuta sehemu ya Kobe ndiyo imevurugika. Aonekanaye na ngozi ndiye mwizi, au siyo? Mkuu wetu akawa anamweka kitako siku baada ya siku: "Sema ulipokosea." Mwishowe Kobe akataja kosa, nasi tukalikubali bila kulitafuta. Tukaing'oa sehemu yake, mianguko ikapungua, tukajisifu. Yeye akaacha kazi, akawa fundi wa vyerehani nyumbani kwake. Mkewe aliniambia, "Shemeji, huyu hata mlango akiufunga mwenyewe haamini kama umefungwa."

Mwaka huu nikapewa kazi ya kusafisha programu za majaribio. Lahaula! Moja ilikuwa inaazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inairudisha, halafu bado inaandika humo humo. Kama mpangaji aliyekabidhi ufunguo, kisha anarudi kuanika nguo mbichi kitandani kwa mwenzake. Na aliyepangishwa baada yake, mara nyingi, alikuwa programu ya Kobe. Nilihamisha mstari mmoja tu: maliza kuandika, ndipo urudishe. Nikairejesha sehemu ya Kobe kama alivyoiacha. Haikuanguka tena.

Nilishikwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Nikabeba kompyuta hadi kwake.

"Ndugu yangu, hukukosea kitu. Jaribio letu ndilo lililokuwa linakuharibia."

Alisoma, akaelewa upesi kuliko mimi. "Mmelirekebisha vizuri," akasema. "Lakini kosa langu nalo lilikuwepo. Nilisahau kupima nafasi kabla ya kunakili data humo. Nalikumbuka hadi mstari wenyewe."

"Halipo, Kobe! Nimesoma yote!"

Mkewe aliacha kufua, akaja kusimama mlangoni. Nikamfungulia Kobe kazi yake ya zamani. Akashuka nayo kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho. Akarudi juu, akashuka tena.

"Mmelifuta," aliniambia. "Mmenionea huruma, mkalifuta."