Mkono wa Mwanasiti

Mama yangu, Mwanasiti binti Mwinjuma, hakujua kuimba. Hilo niliseme mapema, maana tangu afe kila anayemtaja anamfanya malaika, na miye uongo siupendi. Sauti yake ilikuwa ya kufukuzia kunguru shambani. Lakini ukimpa msondo, ile ngoma ndefu anayochezewa mwali, ungeweza kukaa ng'ambo ya kijito ukajua ni yeye anayepiga. Kila mpigaji ana mkono wake. Mkono wa Mama ulikuwa unachelewa kidogo, unadhani amekosea, kumbe anakusubiri wewe uweke mguu. Ruaruke nzima waliujua. Aliyeujua zaidi ni mdogo wake, mjomba wangu Miraji, kwa sababu alilelewa mgongoni mwake huku yeye akipiga.

Miye niliwekwa ndani, uwalini, miezi mitatu kabla ya vita ya Maji Maji. Desturi yetu mwali alikaa msimu mmoja, akafundwa, akatolewa kwa ngoma, akaolewa. Miye nilikaa karibu miaka miwili. Watu walipong'oa pamba ya Mdachi kule kwa Wamatumbi, wakubwa walisema ngoma ndizo zinazoita watu vitani, na akida wetu akapita nyumba kwa nyumba na askari, akazikusanya zote akazifungia ghalani kwake. Na mwali hatoki bila ngoma. Basi nikabaki mle ndani, mweupe mweupe kama mchwa, jua nikiliona kwenye matundu ya makuti tu.

Baba alivuka mto kwenda kunywa ile dawa waliyoambiwa itageuza risasi kuwa maji. Hakurudi. Mjomba Miraji alivuka naye, yeye akarudi, lakini akarudi anatafutwa, kwa kuwa ilisemwa ndiye aliyetia moto ghala la pamba. Akajificha mikokoni, kwenye vijito ambako askari wakiingia wanazama matope mpaka mapajani. Mashamba yalikuwa yamechomwa, tukawa tunaishi kwa ming'oko, vile viazi vya porini. Mama alikuwa akitoka na jembe asubuhi, anachimba, nusu anatuletea, nusu anaiacha kwenye shina la mkoko fulani alilolijua yeye na mdogo wake.

Kisha ikapigwa mbiu. Vita imekwisha, nchi imetulia, bwana mkubwa wa Kidachi atapita aone watu wake wana furaha. Kwa hiyo ngoma ruksa siku saba, Ijumaa mpaka Alhamisi, mwisho magharibi. Baada ya hapo zinarudi ghalani. Furaha yenyewe ndiyo hiyo, ya kuamriwa na kupimiwa siku.

Shangazi yangu Tatu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa kungwi wangu. Aliposikia mbiu alicheka, halafu akalia, halafu akatafuta mafuta ya kunipaka. Kwa kina Muhidini, mchumba wangu wa Utete, wakatuma neno siku ile ile: mwali akitoka wiki hii, harusi Ijumaa inayofuata, na mchele upo. Mchele! Msiniulize waliupata wapi, kipindi kile hakuna aliyeuliza.

Kulikuwa na shida moja tu, na shida hiyo ilikuwa mjomba. Kwetu mwali hutoka akiwa begani kwa mjomba wake, anazungushwa uwanjani mara tatu, ndipo anawekwa kwenye mkeka na kuitwa mtu mzima. Asipokuwepo mjomba, ndugu mwingine anaweza kusimama mahali pake, si haramu. Mama akamwomba mzee mmoja wa ukoo wake, ana kikohozi lakini mabega anayo. Halafu akachukua jembe lake akaenda mikokoni kumweleza mdogo wake.

Alirudi jioni, akatueleza miye na Shangazi kwa sauti ya chini. "Nimemwambia asije. Amenijibu, Dada, akipiga mtu mwingine nitaziba masikio nitakaa. Ukipiga wewe sitajiweza, nitakuja. Basi usipige." Akaifuta mikono yake kwenye kaniki. "Kwa hiyo sipigi. Siku saba hizi mkono wangu hautagusa msondo. Nimemtafuta Sijaona wa Bungu, yeye ndiye atakayepiga." Kwa hiyo nilijua. Naomba mlishike hilo, kwamba nilijua tangu siku ya kwanza.

Wiki ile niliisikia kwa masikio tu. Ijumaa ngoma zilitolewa ghalani, nyingi ngozi zimeliwa na panya, wanaume wakashinda wanaziwamba upya na kuzipasha motoni. Jumamosi wanawake walicheza lelemama, wamejipanga mstari, fimbo mkononi, na wawili wakaanguka kwa njaa. Shangazi aliingia ananisimulia huku akicheza mabega. "Wamepepewa wakainuka, wakaingia tena mstarini," alisema. "Mmoja kauliza kama kuna atakayempa uji." Jumapili akaja mpiga zumari kutoka Kilwa. Huyo sikuhitaji kusimuliwa, zumari lile lilipita ukutani likanikuta nimelala, nikalia mpaka mto ukalowa.

Jumatatu alitumbuiza Bwanaheri, mchekeshaji wetu. Aliigiza mwendo wa akida, tumbo mbele, mikono nyuma, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na akida mwenyewe akacheka. Alipomaliza kucheka akaamuru apigwe hamsa ishirini. Nilivihesabu viboko vyote ishirini na tano. Kesho yake, wanawake walipokuja kuupamba ukuta wa nyumba yangu kwa chokaa na udongo mwekundu, wakachora mamba, ndege na nyota, Bwanaheri alikuwa nao amelala kifudifudi kwenye kivuli, akiwafanyia mzaha kuwa mamba wao anafanana na mkwe wake. Hiyo ndiyo sanaa yetu ya wiki ile.

Na siku zote hizo Mama alikuwa jikoni. Watu hawakujua sababu, na haikuwezekana kuwaambia. Mpigaji bora Ruaruke nzima, ngoma zimefunguliwa baada ya miaka miwili, naye anachambua ming'oko! Midomo ikaanza. Kufika Jumanne wanawake walikuwa wamemtungia wimbo, wakaja kuuimba mlangoni kwetu kabisa:

Msondo una mwenyewe,
mwenyewe kajificha jikoni,
mikono imekufa ganzi,
mwali wake atachezewa na jirani.

Niliona aibu. Sikumwonea huruma Mama, niliona aibu yangu miye. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijiona mimi ndiye niliyeonewa kuliko wote waliokufa katika vita ile.

Jumatano alasiri Sijaona alianza kuupasha msondo, maana siku ya pili ndiyo ya kutoka kwangu. Jamani, yule mama alikuwa mtu mwema, lakini alipiga kama anayetwanga mtama wa watu. Hakuna kuchelewa, hakuna kusubiri, pu pu pu. Nilimwita Mama.

"Hiyo ndiyo ngoma yangu?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu. Kesho saa hizi imekwisha, uko nje."

"Sitoki kwa ngoma hiyo. Nimeoza humu miaka miwili, halafu nitolewe kwa kutwangiwa? Piga wewe."

"Nikipiga atakuja."

"Basi na aje," nikasema. "Si mjomba wangu? Kazi ya kunibeba ni ya nani? Wenzangu wote wamebebwa na wajomba zao."

Shangazi Tatu alinizaba kofi la mdomo. Mama akamshika mkono. "Muache, wifi," akasema. "Ni njaa inayosema." Haikuwa njaa. Nilikuwa miye.

Alhamisi baada ya adhuhuri waliniosha, wakanipaka mafuta, wakanifunika leso mbili. Nje uwanja umejaa, akida amekaa kwenye kiti chake, shaushi, mkubwa wa askari, na askari wake watatu pembeni, bwana mkubwa mwenyewe hakuonekana wiki nzima. Sijaona akapiga. Wanawake wakaimba wimbo wa kunitoa. Sikuinuka. Wakauimba mara ya pili, na mara ya tatu, na watu nje wakaanza kunong'ona, maana mwali akikataa kutoka ni msiba wa ukoo mzima, na mchele wa Utete ndio basi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akatazama nje, akalamba kidole akakiinua juu. "Upepo wa bahari," alisema. "Unapeleka sauti bara. Pengine hatasikia." Sijui alikuwa akimwambia nani. Nasema kweli, si miye peke yangu niliyemtoa mlangoni pale. Siku saba aliisikia ngoma ikipigwa vibaya na watu wakimcheka, na mikono yake nayo ilikuwa na njaa yake. Lakini asingekwenda kama ningeinuka.

Aligusa bega la Sijaona, Sijaona akampisha. Ule mkono ulipoanza, uwanja mzima ukapasuka vigelegele. Nikainuka mwenyewe bila kushikwa. Walinichezesha ndani, walinichezesha ukumbini, kama ilivyo desturi, na mambo hayo huchukua muda mrefu. Katikati ya kucheza nikasikia makuti yameacha kutikisika. Upepo ulikuwa umekatika.

Waliponitoa nje jua lilinipiga nikapofuka. Yule mzee alikuwa ameshachuchumaa anikweze begani, akakohoa, na sauti nyuma yake ikasema, "Kaa pembeni, baba, utamwangusha mwanangu kwa kikohozi." Kanzu iliyomfikia magotini, miguu bado ina tope la kijitoni, ndevu zimejaa uso. Mjomba Miraji. Alikuwa anatabasamu. Akanikweza begani kama mtoto.

Kutoka kule juu niliona vyote. Nilimwona akida akisimama wima, kidole kinaelekea kwetu. Nilimwona shaushi akimkalisha kwa mkono, bila haraka, huku mguu wake wa buti ukifuata msondo. Mtu aliyekuwa karibu alitueleza baadaye alichosema: "Acha ngoma iishe. Anakwenda wapi?" Askari wakaenda wakasimama kwenye pembe za uwanja. Mama aliwaona. Mjomba naye aliwaona.

Mizunguko ni mitatu. Mjomba akaimaliza, na Mama hakuacha. Wa nne, wa tano. Watu wakaelewa. Wanawake waliokuwa wamekaa waliinuka wakaingia, na Sijaona akaokota ngoma ndogo akamsaidia, na Bwanaheri na mgongo wake uliochanika akaanza kucheza mbele yetu. Tulizunguka. Jua likashuka, vivuli vikarefuka uwanjani. Maana maadamu mwali yuko begani ngoma haijaisha, na wale askari walizaliwa kwenye ngoma kama siye, sheria hiyo waliijua.

"Umekuwa mzito," Mjomba aliniambia, anahema. "Wanakulisha nini humo ndani?"

Sikucheka. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Miaka miwili sijasimama juani, tumboni mna mng'oko mmoja tangu asubuhi, na bega lake lilikuwa limebaki mfupa mtupu, lilinichoma. Nilijua kinachoendelea. Msije mkasema mtoto hakujua. Niliona damu kwenye ngozi ya msondo, niliona jinsi Mama alivyokuwa akitutazama, jicho halipepesi.

"Mjomba," nikasema, "nishushe. Nimechoka."

"Vumilia kidogo, mwanangu. Mpaka magharibi tu." Pengine gizani angepata njia. Pengine asingepata.

"Nishushe. Nitatapika."

Alizunguka mara moja zaidi. Kisha alipiga magoti taratibu, akaniweka kwenye mkeka, akanitengeneza leso kichwani iliyokuwa imekwenda upande. Mama aliona miguu yangu imegusa mkeka. Alipiga peke yake kidogo, mapigo kama kumi hivi, hakuna wa kuyacheza. Akaacha.

Hawakumpiga Mjomba pale. Walimfunga tu, wakaondoka naye, na ngoma zikabebwa nyuma yao kurudishwa ghalani. Jumamosi walimnyonga, watu wakalazimishwa kwenda kutazama. Miye sikwenda, kwa sababu Ijumaa nilikuwa nimeshaolewa na bibi harusi halazimishwi.

Wengine husema Mama hakugusa ngoma tena. Si kweli. Zilipofunguliwa baada ya mwaka alipiga, akawatoa mabinti wa Ruaruke na Bungu mpaka uzeeni, na walimlipa kuku. Mkono ulikuwa ule ule. Hakunilaumu hata siku moja, na miye nilimchukia kwa hilo, kwa sababu lawama ningeijibu.

Ijumaa ile ya harusi watu wa Utete walileta mchele pishi nne. Shangazi Tatu aliupika, hakusema na mimi, na mpaka anakufa hakusema tena na mimi. Mama aliniletea sahani ameishika kwa vifundo vya mikono, maana viganja vilikuwa vimefungwa matambara. "Kula, mwanangu," akasema. Nilikula. Ulikuwa mtamu, nikamrudishia sahani nikamwomba aniongeze.