Mwanamke Aliyefukuzwa Kilioni

Maumivu ya mgongo nilidhani yametokana na ndoo za maji. Kumbe ulikuwa ugonjwa uleule. Miaka ya nyuma walinikata titi la kushoto kule Lubumbashi, nikarudi nyumbani, nikaendelea kushona sare za shule, nikaamini yamekwisha. Safari hii daktari aliinua picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, kisha akaniambia kansa imehamia kwenye uti wa mgongo.

"Haitatoka tena, mama," alisema. "Lakini maumivu tunaweza kuyapunguza. Nani anakaa na weye ku nyumba?"

Nikamjibu kwamba nina watoto wawili. Hilo ni kweli. Mmoja yuko Zambia, mwingine ameolewa Kisangani.

Nyumbani Shituru, mtaa wetu wa Likasi, sikumwambia mtu. Mume wangu alifanya kazi kwenye tanuru za shaba mpaka akastaafu, na alikufa kabla titi langu halijaanza kuuma, kwa hiyo hata yeye hakuwahi kuujua ugonjwa huu. Binti yangu akipiga simu nilimwambia niko sawa, nikauliza habari za wajukuu.

Nilipoacha kwenda misa, akina mama wa jumuiya walikuja. Walikaa sebuleni, wakasali vizuri, wakaimba. Kisha wakaanza kuzungumza wao kwa wao, na nikamsikia mmoja akisema, "Alikuwaka muntu muzuri sana." Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimeshika glasi ya maji. Najua hakukusudia ubaya. Lakini waliporudi juma lililofuata nilikaa kimya chumbani hadi walipochoka kubisha.

Mvua zilipoanza sikuweza tena kuinama kuwasha mbabula, jiko langu la makaa. Nikawa nakula mkate na maji. Asubuhi moja mtu akabisha, nikafungua nikidhani ni jirani. Alikuwa yeye.

Mume wangu alikuwa na mwanamke mwingine, muuza samaki anayekwenda kuwachukua ziwa Tshangalele na kuwauza sokoni, na alizaa naye. Nilikuwa nimemwona kwa karibu mara moja tu, kwenye kilio cha mume wangu, amesimama nyuma kabisa na watoto wake. Shemeji zangu walimfukuza kabla sanduku la maiti halijafika.

"Jambo, mama," alisema. "Nilisikia uko mugonjwa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu alinituma."

Akanipita, akaenda uani, akawasha mbabula, akasonga bukari, ugali wa kwetu, na kupika samaki. Akafunika chakula, akaenda zake. Nilikaa nikiitazama ile sufuria kwa hasira. Mchana nikala.

Akarudi tena, na tena. Alifua mashuka bila kuniuliza yako wapi. Siku moja aliketi kando ya kitanda.

"Inakuuma fasi gani?"

Nikamwonyesha. Akaweka kiganja pale, akakiacha. Hakusema kwamba Mungu ataniponya.

"Na weye unaogopa nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata daktari. Nikajibu kabla sijafikiri. "Naogopa kufia humu, majirani bajue kwa harufu."

"Basi nitapita kila asubuhi mbele ya kwenda ku soko. Ukikosa kujibu, nitavunja mulango."

"Juu ya nini unanifanyia hivi?"

Akatazama vidole vyake, vilivyojaa makovu ya miiba ya samaki. "Baba ya batoto alikufia mu mikono yako. Minye sikumuona hata mu sanduku. Natakaka kujua alikufa namna gani."

Kwa hiyo hakuja kwa ajili yangu peke yangu. Jambo hilo lilinichoma, lakini pia lilinipa nafuu, maana nilikuwa nimechoka kuhurumiwa. Hata hivyo nilimkatalia. Kila kitu cha yule mwanamume tuligawana, mshahara wake, Jumapili zake, hata jina lake kwa watoto. Kufa kwake tu ndiko kulikuwa kwangu.

Ikaja siku dawa zilikosekana kwenye kila famasi ya Likasi. Alinikanda mgongo kutwa nzima, samaki wake wakaozea kwenye beseni. Jioni nikamweleza. Nikamwambia jinsi mume wangu alivyoomba dirisha lifunguliwe, jinsi pumzi ilivyokuwa ikikwama, na jinsi alivyowataja watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wangu na wake, bila kuwatenganisha. Alilaza kichwa kwenye ukingo wa godoro, akalia bila sauti.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa vilevile. Nikajiambia ameshapata alichokitaka. Nililala nikisikiliza geti, nikajichukia kwa kulisikiliza.

Alipotokea tena alisimama mlangoni na beseni lake kichwani. "Nilishindwa kukuangalia," alisema. "Sasa nitaweza."

Tulikwenda pamoja Lubumbashi kwa taxi-bus, ameushikilia mto nyuma ya mgongo wangu njia nzima. Hospitalini, muuguzi akamuuliza, "Weye ni nani yake?"

"Huyu ni yaya yangu," alijibu, kana kwamba mimi ni dada yake mkubwa.

Sikumkanusha. Daktari alisema ugonjwa umefika kwenye nyonga. Aliongeza dawa, na alipoanza kueleza namna ya kuzinywa alimgeukia yeye, si mimi.

Binti yangu aligundua siku moja kwenye simu, aliposikia mtu akiniambia chakula kiko tayari, akauliza ni nani, nami nikamwambia. Alitaka kuja kwa Noeli.

"Mama, huyu ndiye alitufanya tulie miaka yote. Akiwa humo, minye siingii."

"Njoo, mwanangu," nilimwambia. "Lakini ujue ufunguo wa nyumba anao yeye."

Akakata simu. Sijui kama atakuja.