Minyaa ya Bibi

Jumamosi iliyopita niliendesha gari mwenyewe kutoka Kahama hadi upande wa Mhunze, kutafuta boma letu la zamani. Sikumtuma dereva, na madereva ninao. Rafiki yangu, mimi niliyeishia darasa la nne leo nina karasha za kusaga mawe ya dhahabu kule Segese, na nyumba yangu ina vigae hadi jikoni. Sikubebwa na mtu. Lakini siku hiyo nilibeba panga tu, na moyo haukuwa na raha.

Kilichonipeleka ni mama. Anaishi kwangu tangu baba afariki. Siku hizi jua likianza kushuka anafunga kanga zake kifurushi, anakaa getini na kuuliza, "Nani ananirudisha kwetu?" Namwambia ndipo hapa. Ananitazama kama mtu wa kodi. Swali hilo nalijua. Nililisikia utotoni, mdomoni mwa bibi mzaa baba.

Boma la bibi lilizungukwa na uzio wa minyaa alioupanda mwenyewe alipoolewa. Minyaa haina mbegu za kuhangaikia: unakata kijiti, unachomeka ardhini, kinashika. Ndani ya uzio ule kulinuka samadi na moshi. Kuni kwetu zilikuwa za kutafuta, kwa hiyo bibi alipikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na macho yake yakawa mekundu kama ya wanawake wote wa rika lake. Alituchemshia michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, tukala kwa maziwa mgando, huku akituonya tusiguse utomvu wa minyaa, utatupofusha. "Uzio unamjua mtoto wa nyumbani," alizoea kusema, "lakini jicho haulijui."

Ndipo serikali ikatuhamishia kijiji kipya. Nyumba mstari kando ya barabara, zote sura moja, hakuna uzio. Bibi alikuwa ameanza kusahausahau. Kule akapotea kabisa. Alificha michembe chini ya ngozi ya kulalia, kisha akamwita mama mwizi. Siku moja alimpiga mwiko, mkwe aliyempenda kama binti. Kila alasiri alitoka "kwenda kwetu", akaingia mlango wowote ulio wazi, akaketi, akalia.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga, akambeba, akambembeleza kwa jina la binti yake aliyekufa zamani. Wiki hiyohiyo mtoto akapata homa. Jirani akaja hadi jikoni kwetu.

"Mwadila, Mama Masanja," akasalimu. Masanja ni mimi.

"Mwadila. Karibu uketi."

"Siketi. Mkweo ni mgonjwa, au ana kazi yake?"

"Ni uzee, dada."

"Hata mama yangu alizeeka. Mbona hakuwaita watoto wa watu kwa majina ya marehemu?" Akamtazama bibi. "Na macho yale. Mwambie mumeo amfunge nyumbani. Wanaume wameshaanza kuongea."

Kwetu, wanaume wakianza kuongea juu ya bibi kizee mwenye macho mekundu, ameshaitwa mchawi, na kinachofuata ni panga. Baba hakula siku hiyo. Asubuhi alikwenda na mkokoteni wa maksai hadi kwenye mahame yetu, lile boma tuliloliacha, akarudi nao umejaa vijiti vya minyaa, akavichomeka kuzunguka kibanda cha bibi, mwanya akiuacha upande wa magharibi kama zamani.

"Unamjengea mama yako zizi?" wanaume wakamcheka. Akaendelea kuchomeka.

Bibi akatoka, akavitazama kimoja kimoja. "Kumbe nimeshafika," akasema. Hakuzurura tena. Mtoto akapona, jirani akarudi kuomba chumvi, na baba akatembea kifua mbele. Kifua hiki nilichonacho nimekirithi kwake.

Ila mtu akishafika nyumbani huwasubiri wenzake. Hilo hatukulifikiria. Bibi akaanza kukaa kwenye mwanya wa uzio akingoja ng'ombe warudi, na babu, na binti yake, wote marehemu. "Wamechelewa," alisema. Kesho yake, "Wamechelewa." Michembe aliiweka kando, ataila wakija. Alipokuwa akizurura, angalau alikuwa na pa kwenda kuwatafuta. Mwisho akaacha kuongea, akaacha kula, akageukia ukuta. Tulimzika kabla minyaa haijachipua vizuri.

Mahame nimeyakuta yamelimwa pamba. Hakuna hata jiwe la kusagia. Ukimwambia mtu hapa waliishi watu na ng'ombe na vicheko atadhani umelewa. Umebaki mnyaa mmoja pembeni, mnene kama pipa. Nilikata vijiti, nikavitia kwenye buti la gari.

Sikufichi, sijavipanda. Madaktari nimeita, waganga nimeita, mimi ninayepewa kiti kila ofisi, na mama bado yuko getini na kifurushi chake. Vijiti vimeegemea ukuta wa kibaraza. Minyaa haifi upesi. Jana mama alipita karibu navyo, akasimama, akavitazama kwa muda.

Kisha akakifungua kifurushi, akaketi, akaniuliza kama baba ameshafika.