Siku Niliyonyamazia Jina la Roselida

Mwanangu, kuna asubuhi moja inayonijia hata nikichambua mboga, na ikinijia siwezi kukaa. Unaniona nikiinuka, nikizunguka uani, nikirudi. Mnasema ni uzee. Si uzee. Ni jina la mtu ambalo sikuliitikia.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mama kijana mwenye nguvu zake, nikipalilia miwa karibu na Shianda. Tulikuwa wanawake kumi na wanane. Kila asubuhi nyapara alisimama kando ya shamba na daftari, akaita majina, na anayejibu "Niko!" ndiye aliyepewa laini, yaani mstari wake wa miwa wa kupalilia. Sasa sisi tulikuwa na desturi yetu. Mmoja wetu akijifungua, wenzake waliitikia jina lake kwa zamu mpaka mtoto atimize siku arobaini, na laini yake tukaigawana, huyu hatua chache, yule hatua chache. Nyapara alijua sana. Aliangalia upande mwingine, kwa sababu kufikia saa saba laini zote zilikuwa safi.

Kisha sukari ya ng'ambo ikaanza kuingia. Madukani ilikuwa rahisi kuliko ile ya miwa tuliyoipalilia kwa mikono yetu. Na mimi, usinicheke, niliinunua. Nani hapendi chai tamu? Sikujua kwamba kila pakiti niliyobeba ilikuwa inanisogeza mlangoni. Kiwanda cha sukari, wenye shamba lile, kikalia hasara, kazi ya kupalilia akapewa kontrakta, naye kontrakta akamweka nyapara kando na kutuletea karani kijana, viatu vinang'aa katikati ya tope. Sheria yake ilikuwa fupi: asiyeitika amefutwa. Aliyejifungua akae kwao, kazi haitamngoja. Hata hivyo tuliendelea na desturi yetu, maana karani hakuzijua sura zetu.

Wakati huo rafiki yangu Roselida alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Mumewe, mkata miwa, alikuwa amelala nyumbani na jeraha la panga mguuni. Kazi ya Roselida ndiyo iliyowalisha, na ndiyo iliyowafungulia zahanati ya kampuni, ambako mguu ule ulisafishwa na kufungwa. Watu watatu walikuwa wameshikilia jina moja kwenye daftari.

Zamu yangu ya kuliitikia ilianguka Alhamisi. Siku hiyo wakaja wageni kutoka ng'ambo, kofia pana vichwani, kuangalia kama wataweka pesa zao kiwandani. Jana yake karani alikuwa ametuambia kwamba atachagua wawili waandikwe kazi ya kudumu, wasio na ujanja. Niliitaka kazi ile, mwanangu.

"Roselida Nanjala!"

Nikatazama jembe langu.

"Roselida Nanjala!"

Wenzangu wakanigeukia. Hakuna aliyenishika koo. Mdomo ulikuwa wangu na nikaufunga mwenyewe. Karani akapiga mstari kwenye daftari, akaendelea na jina lililofuata.

Wakati wa uji Mama Nafula, mkubwa wetu, akaja kuketi kando yangu. Heri angenigombeza.

"Peninah," akasema, "wewe ulipozaa, nani alikuwa anaitikanga jina lako?"

"Roselida."

"Siku moja?"

"Siku nyingi, mama."

"Haya. Maliza uji yako."

Sikuumaliza.

Kesho yake karani akafungua daftari. "Beatrice Nafula!" Yule mama akajibu, "Niko, na Roselida yuko." Karani akainua kichwa. Akaita wa pili. "Niko, na Roselida yuko." Hivyo hivyo hadi jina la mwisho, ambalo lilikuwa langu. Nami nikajibu, "Niko, na Roselida yuko." Karani akafunga daftari, akatufukuza sote.

Basi magugu nayo hayamwogopi karani. Mwezi haukuisha, miwa ikawa haionekani, na yule nyapara wa zamani akatumwa kutuita turudi, na Roselida pamoja nasi. Nilikimbia mwenyewe kumpelekea habari. Nikakuta mlango umefungwa kwa waya. Walikuwa wamekwenda Lumakanda kwa jamaa, kulima mahindi ya watu. Kazi ya kudumu haikupewa mtu. Wageni nao waliondoka na kofia zao, sikuwaona tena.

Miaka ilipita. Nikamkuta sokoni Lubao, anauza kuku. Akanikumbatia, akauliza watoto wangu kwa majina. Nikauliza habari za mzee wake.

"Mguu walikata," akasema. "Tulikosa dawa, ikaoza."

Nikaanza, "Roselida, ile Alhamisi..."

"Najua. Mama Nafula aliniambia." Kisha akafungua tenga, akatoa kuku mmoja, akaniwekea mikononi. "Chukua ingokho, upikie watoto."

Nilimpika. Watoto walikula. Mimi sikuweza kumeza hata mchuzi.

Sasa wewe Jumatatu unaanza kazi kwenye kiwanda cha wageni cha kushona nguo. Utaambiwa kwamba nchi nyingine wanashona kwa bei rahisi zaidi, kwamba ukilalamika mashine zitahamishwa, kwamba yule mwenzako mjamzito ndiye anayekurudisha nyuma. Mengine yatakuwa kweli, sitakudanganya. Lakini asiyeweza kuja kazini leo ni wewe wa kesho. Jueni majina yenu nyote. Ingieni chama pamoja, semeni pamoja, na mseme siku ile ile. Mimi nilisema kesho yake, na siku moja ilitosha kula mguu wa mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako kwenye mashine, akupe chakula usichoona haya kukila, na siku utakapolala kitandani huwezi kuinuka, jina lako likiitwa, asikose mtu wa kuliitikia.